Fundi bustani na uwanja wa nyumba yako: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa wakazi wa Dar es Salaam

Kila masika yanapokaribia, maswali ni yale yale. "Nipande nyasi gani?" "Fundi kanitajia hela hii, ananipiga au ndiyo bei?" "Ukoka wangu ulishika vizuri, mwezi wa pili ukaanza kuwa njano, nimekosea wapi?" Anayeuliza mara nyingi ni mtu aliyehamia kwake juzi, Goba, Madale, Chanika au Kigamboni. Hela imeishia kwenye bati na madirisha, na uwanja umebaki na kifusi, vipande vya tofali na mifuko ya saruji. Mwongozo huu ni wake. Umefuata hali ya Dar na ukanda wa pwani; aliyeko Arusha, Iringa au Mbeya atafaidika na sehemu ya kumtafuta fundi na kupatana naye, ila aina ya nyasi na ratiba ya maji aulizie hukohuko aliko.

Kinachopoteza fedha nyingi kuliko vyote ni kumwita fundi kabla mwenye nyumba hajajua uwanja wake una ukubwa gani, udongo gani na maji kiasi gani. Fundi akiulizwa "kazi yote bei gani?" hana la kufanya ila kukadiria kwa macho. Hapo mnaanza kuvutana juu ya namba ambayo hakuna kati yenu anayejua imetoka wapi. Pima kwanza, ndipo uite fundi.

VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUANZA

- Futi kamba, daftari na kalamu.
- Ndoo ya lita 20 na simu yenye saa ya kuhesabu dakika.
- Jembe au sururu ya kuchimbia mashimo ya majaribio.
- Chupa tupu ya maji ya lita moja inayoonyesha ndani, yenye kifuniko.
- Picha za uwanja, asubuhi, mchana na jioni, ili ujue kivuli kinaangukia wapi.
- Bajeti uliyoigawa mafungu manne: udongo na samadi, nyasi na miche, ufundi, na maji ya miezi mitatu ya mwanzo. Fungu la nne ndilo husahaulika, na ndilo huua bustani.

Vifaa vya kubaki nyumbani: reki ya chuma, mpira wa maji unaofika kila kona, mkasi wa fensi, panga, toroli, buti na glovu. Mashine ya kukatia nyasi si lazima ununue. Kwa uwanja mdogo fundi huja na yake.

HATUA YA 1: PIMA UWANJA NA MAJI

Chora nyumba na mipaka ya kiwanja kwenye karatasi. Weka alama pale palipo na karo la maji taka, bomba, tanki na waya wa umeme uliofukiwa, kisha pima kila sehemu tupu, urefu kwa upana. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mita za mraba 400. Nyumba, baraza, karo na njia ya gari vikichukua 250, uwanja wa kupanda ni 150 tu. Namba hiyo ndiyo utakayonunulia nyasi na samadi, na ndiyo utakayopatania na fundi.

Sasa maji. Fungua bomba, hesabu ndoo ya lita 20 inajaa kwa muda gani. Nyasi zilizokwisha kushika huhitaji kama lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki wakati wa kiangazi. Mita za mraba 100 ni lita 2,500 kwa wiki. Ndoo yako ikijaa kwa dakika moja, hapo ni saa mbili na ushee za bomba wazi kila wiki. Kama maji kwako ni ya mgao, au unanunua ya boza, piga hesabu hiyo kabla hujapeleka hata senti kitaluni. Ukiona haibebeki, panda nyasi eneo dogo mbele ya baraza tu, kwingine weka miti, changarawe na mimea isiyodai maji mengi. Uwanja mdogo wa kijani unaotunzika ni bora kuliko uwanja mkubwa unaokauka kila Januari.

Wenye visima karibu na bahari, Kunduchi, Mbezi Beach, Kigamboni, angalieni chumvi. Dalili zake zinaonekana: maji yana ladha ya magadi, sabuni haitoi povu vizuri, na udongo ukikauka unabaki na utando mweupe juu. Maji ya namna hiyo hayakuzuii kupanda, ila yanakuchagulia nyasi.

HATUA YA 2: UJUE UDONGO WAKO

Chimba mashimo matatu ya kina cha sentimita 40, sehemu tofauti. Usishangae ukikuta mchanga wa ujenzi, zege lililomwagika na misumari. Ndicho mizizi itakachokutana nacho.

Chukua udongo wa shimo moja, jaza theluthi ya chupa, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, halafu iache imesimama hadi kesho yake. Mchanga hutua chini ndani ya dakika chache, udongo laini hufuata, mfinyanzi hubaki juu kabisa. Tabaka la mchanga likiwa ndilo karibu lote, maji na mbolea vitapita bila kusimama. Unahitaji samadi na mboji kwa wingi. Mfinyanzi ukiwa mnene, tatizo lako ni kutuama.

Kisha jaza shimo maji, yaishe, ujaze tena. Maji ya mara ya pili yakiwa bado yapo kesho yake asubuhi, usipande chochote hapo kabla ya kuchimba mtaro wa kuyatoa. Masika ya Dar, Machi hadi Mei, hayatakusubiri.

HATUA YA 3: CHAGUA NYASI KWA HALI, SI KWA PICHA

Ukoka wenye majani membamba unapenda jua la kutwa, unavumilia kukanyagwa na kucheza watoto, na ukikauka kiangazi huamka mvua ikirudi. Kivulini hufifia na kuacha upara.

Paspalamu ya pwani ndiyo inayostahimili maji ya chumvi kuliko nyingine. Wenye visima vya magadi waanzie hapo.

Nyasi za Pemba zina majani mapana, hujaa haraka, huvumilia kivuli cha wastani na hazidai kukatwa mara kwa mara. Hazipendi kukatwa fupi sana.

Majina hubadilika toka kitalu hadi kitalu, kwa hiyo usiagize kwa simu kwa kutaja jina. Nenda, shika jani mkononi, ulinganishe na la jirani ambaye uwanja wake umekupendeza. Na chini ya mwembe mkubwa usilazimishe nyasi za aina yoyote. Acha majani ya mwembe yadondoke yatandaze ardhi, weka kiti cha kupumzikia.

HATUA YA 4: TAFUTA FUNDI KWA KAZI YAKE, SI KWA MANENO

Mahali pazuri pa kuanzia ni uwanja uliokwisha kukaa. Tembea mtaani kwenu, ukiona nyumba, shule au msikiti wenye bustani iliyonyooka, piga hodi uulize anayeitunza ni nani. Vitalu vya maua vya kando ya barabara navyo vina mafundi, na wengi ni hodari, ila kumbuka kwamba muuza miche angependa ununue miche mingi. Usikubali kuonyeshwa picha za simu peke yake. Omba akupeleke kwenye kazi aliyoifanya mwaka mmoja uliopita au zaidi. Bustani ya wiki tatu kila mtu anaiweza. Iliyovuka kiangazi kimoja ndiyo inayosema.

Ukishapata wawili au watatu, wape mtihani mdogo, na uwalipe kwa muda wao. Mpe kila mmoja mche ulio kwenye kiriba (mfuko wa plastiki wa kuoteshea), mwambie aupande, wewe kaa pembeni uangalie. Fundi wa kweli huanza kwa kuloweka kiriba. Anachimba shimo pana kuliko kiriba, udongo wa juu wenye rangi nyeusi anauweka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Anachana plastiki kwa wembe au kisu kutoka juu hadi chini, haung'oi mche kwa kuuvuta shina. Akikuta mizizi imejizungusha chini ya kiriba, anaikata au kuifungua. Anaushusha mche na kuhakikisha shingo yake, pale shina linapokutana na mizizi, iko sawa na uso wa ardhi. Anarudisha udongo wa juu kwanza, aliouchanganya na samadi iliyooza, anakandamiza kwa mkono, anaacha kisahani cha kushikia maji, na mwishoni anaokota ile plastiki. Asiyejua huutumbukiza mche na kiriba chake, au huufukia shina hadi nusu. Dakika kumi za kumtazama zinakueleza zaidi ya mazungumzo ya saa nzima.

Muulize pia: utatoa wapi udongo mweusi? Samadi yako imekaa muda gani? Nikikuita baada ya mwezi kwa sababu nyasi zimekufa, utafanyaje? Anayejibu "mimi nyasi zangu hazifi" usimchukue. Anayekuuliza na yeye maswali, hasa kuhusu maji, huyo mshikilie.

Amua mapema unamtaka kwa mtindo gani:

- Kibarua wa siku: anafaa kusomba kifusi, kuchimba, kufyeka. Usimkabidhi kazi ya kupanga bustani.
- Fundi wa kazi ya kupatana: anaanzisha bustani mpaka inashika, mnamalizana. Wengi mnaanzia hapa.
- Mtunzaji wa kuja kila wiki: kwa uwanja wa mita za mraba 100 au 200, nusu siku kwa wiki hutosha.
- Kijana wa kudumu nyumbani: huyu ni mwajiriwa kamili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu: saa zisizozidi 45 kwa wiki kabla ya kuhesabu saa za ziada, na siku 28 za likizo kwa mwaka. Kumtumikisha alfajiri hadi usiku kwa sababu "anakula na kulala hapa" si haki, na si sheria.

Kwa yeyote atakayeingia getini mara kwa mara, pata nakala ya kitambulisho cha NIDA, namba ya mdhamini anayefahamika, na umtambulishe kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Fundi mwema hachukii hilo. Linamlinda na yeye siku kitu kikipotea. Na mtoto aliye chini ya miaka 18 asishike mashine ya kufyekea wala dawa, hata kama amekuja "kumsaidia baba".

HATUA YA 5: PATANENI KWA MAANDISHI

Ukurasa mmoja wa daftari unatosha, mtie sahihi wote, kila mmoja apige picha. Uandike hivi, kwa maneno ya kawaida:

"Fundi ataondoa kifusi, atalima sentimita 20, atasawazisha na kupanda ukoka kwenye mita za mraba 120 mbele na ubavuni mwa nyumba. Miche 14 ya uzio itapandwa upande wa barabara. Udongo, samadi na nyasi atanunua mwenye nyumba. Fundi atakuja na vifaa vyake na wasaidizi wake. Kazi itaanza Jumatatu na itachukua siku saba za kazi. Sehemu za nyasi zitakazokufa ndani ya wiki nne, ikiwa mwenye nyumba amemwagilia kama alivyoelekezwa, fundi atazipanda upya bila malipo ya ziada ya ufundi."

Malipo yagawe. Kianzio cha kama theluthi moja siku ya kuanza, theluthi nyingine nyasi zikishapandwa, na ya mwisho wiki ya tatu au ya nne mkiona zimeshika. Lipa kwa simu ili kumbukumbu ibaki.

Tahadhari: usimpe fundi hela ya vifaa vyote mkononi. Nendeni pamoja kitaluni, yeye achague, wewe ulipe. Kosa la upande wa pili nalo ni baya vilevile: kumkamua fundi bei hadi anakubali kwa shida. Atapunguza samadi, atapanua nafasi kati ya vishina vya nyasi, na utajua baadaye sana. Mkikubaliana bei ya haki, ilipe siku uliyoahidi. Maji ya kunywa na chakula cha mchana semeni mapema nani anagharimia.

HATUA YA 6: ANDAA ARDHI

1. Ondoa kifusi chote hadi kina cha sentimita 20 au 30. Kukifunika kwa udongo mzuri ni kujidanganya. Kiangazi cha kwanza kitachora ramani ya kila zege lililobaki chini.

2. Weka mteremko kutoka ukutani kwenda nje, sentimita 2 kwa kila mita. Udongo usipande juu ya msingi. Uache chini ya usawa wa sakafu angalau sentimita 15, la sivyo ukuta utavuta unyevu na rangi itabanduka. Na maji usiyaelekeze kwa jirani.

3. Lima, ondoa mizizi, changanya samadi iliyooza. Tabaka la sentimita 3 kwenye mita za mraba 100 ni mita za ujazo 3. Samadi bora haina joto ukiingiza mkono, hainuki mkojo, inameguka. Ya kuku mbichi itaunguza mizizi.

4. Ukinunua udongo mweusi, pima bodi ya gari kabla halijamwaga: urefu kwa upana kwa kina. Bodi ya mita 3 kwa 1.7 iliyojaa kina cha nusu mita ina mita za ujazo 2.55, hata dereva aite "tripu kamili".

Hapa nisimame kidogo kwa sababu ya ndago. Ndago ni lile gugu lenye jani la kung'aa na shina la pembetatu, ukilizungusha kati ya vidole unazihisi kona tatu. Huja ndani ya udongo mweusi unaochotwa mabondeni. Chini lina vitunguu vidogo vyeusi vilivyounganishwa kwa nyuzi. Ukivuta jani, nyuzi inakatika, kitunguu kinabaki na kuchipua upya. Uwanja ukishaingia ndago utapigana nayo kwa miaka. Kwa hiyo kabla ya kukubali gari, panda juu ya mzigo, chota udongo sehemu tatu, uchambue kwa vidole. Ukiona vile vitunguu, rudisha gari. Usione aibu. Na hata udongo ukiwa safi, ukishautandaza umwagilie wiki mbili au tatu bila kupanda kitu. Magugu yaliyolala yataota, uyang'oe na mizizi yake, ndipo upande. Fundi wengi hawapendi hatua hii kwa sababu inawachelewesha kulipwa. Iandike kwenye mapatano.

HATUA YA 7: PANDA

Wakati mzuri ni mvua za masika zikianza kuchanganya, au mwanzo wa vuli, Oktoba na Novemba. Katikati ya kiangazi unapanda kwa gharama ya boza.

Kwa vishina, pandeni mistari ya sentimita 15, kila kishina kifukiwe pingili mbili, ncha ya majani ibaki nje. Kwa vipande vya mraba, panga kama tofali za ukuta, viungo visikutane, halafu kanyaga au bingirisha pipa lenye maji kiasi ili mizizi iguse udongo. Nyasi zikifika zipandwe siku hiyohiyo. Rundo lililofungwa kwenye gunia hupata joto na kuoza kwa ndani ndani ya siku moja au mbili.

Wiki mbili za kwanza mwagilia kidogo asubuhi na jioni, udongo usikauke juu. Kuanzia wiki ya tatu punguza mara, ongeza wingi. Ukikamata nyasi ukazivuta taratibu zikagoma kutoka, zimeshika. Zikifika sentimita 7 au 8 kata kwa mara ya kwanza.

Miti na uzio: shimo la sentimita 60 kila upande linatosha. Miti mikubwa kama mwarobaini, na hasa jamii ya mikuyu ya mapambo, iwe mbali na ukuta, karo na bomba. Mizizi yake hufuata unyevu na hupasua. Kwa uzio, bogonvilia na michongoma hufaa pwani. Minyaa nayo ni rahisi kuotesha, ila utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hatari. Anayeipunguza avae miwani na glovu. Ukiwa na watoto wadogo, usipande olianda, ina sumu kuanzia ua hadi mzizi.

HATUA YA 8: RATIBA YA MATUNZO

Kila wiki: mwagilia mara mbili au tatu kwa kina, alfajiri. Choma bisibisi ndefu ardhini baada ya kumwagilia. Ikizama sentimita 10 bila kulazimishwa, maji yametosha. Kumwagilia kidogo kila siku kunafundisha mizizi kukaa juu.

Siku hiyohiyo ya wiki mwaga maji ya visahani vya vyungu, geuza makopo, ondoa matairi. Dar ilikumbwa na mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019. Mbu wake anauma mchana na anataga kwenye maji safi yaliyotuama. Yai huwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi siku kumi, kwa hiyo ukimwaga kila wiki unamkatisha njiani.

Kukata: usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukoka ukae sentimita 3 au 4, za Pemba 5 hadi 8. Kabla fundi hajawasha mashine ya kufyekea, mawe yaokotwe, gari lisogezwe, watoto waingie ndani, naye avae miwani na buti. Jiwe dogo likirushwa na uzi wa mashine hiyo linavunja kioo, na jicho pia.

Mbolea: wakati wa mvua, kila baada ya miezi miwili, urea kilo moja kwa mita za mraba 100, ikitawanywa juu ya nyasi kavu kisha umwagilie papo hapo. Kuzidisha kunaunguza. Mara moja kwa mwaka, mwanzoni mwa masika, tandaza samadi iliyochekechwa, sentimita moja.

Na kufagia. Tumelelewa kuona uwanja msafi ni ule uliofagiliwa hadi udongo unang'aa, na majani ya miti yanachomwa pembeni kila asubuhi. Ninaliomba hili kwa moyo wote: acheni kuchoma, na acheni kufagia udongo mtupu. Kila fagio linaondoa chembe za udongo wa juu, na baada ya miaka msingi wa nyumba unaanza kuonekana. Fagia njia na baraza. Majani yaliyobaki yarundike chini ya miti au uyaweke shimoni yaoze. Hiyo ndiyo mboji unayokwenda kuinunua kitaluni.

Dawa: nunua tu zenye lebo inayosomeka na namba ya usajili wa TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), kamwe si zilizopimwa kwenye chupa ya soda. Dawa za magugu zenye glaifoseti huua kila jani la kijani zinaloligusa, ukoka wako ukiwemo.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Nyasi za njano uwanja mzima. Miezi michache baada ya kupanda, mara nyingi ni njaa ya naitrojeni, hasa kwenye mchanga; weka urea kwa kipimo kile. Kama udongo ni tope na unanuka, ni maji mengi, acha kumwagilia hadi ukauke juu. Ncha zikiwa nyeupe na zimechanika siku moja baada ya kukatwa, kisu cha mashine ni butu.

Mabaka makavu. Vuta nyasi za ukingoni mwa baka. Zikinyanyuka kama mkeka, mizizi imeliwa na mabuu au mchwa. Chimbua uone ni nani kabla ya kununua dawa. Zikigoma, choma bisibisi. Ukigonga kitu kigumu, ni kifusi ulichoambiwa kimeondolewa.

Utando mweupe na ncha kuungua. Ni chumvi. Mvua ikinyesha au ukipata maji ya bomba, lowesha kwa wingi mara moja ili ishuke chini ya mizizi, na pale palipokufa rudishia paspalamu.

Mche unanyauka ilhali unamwagiliwa. Fukua pembeni taratibu. Utakuta kiriba hakikutolewa, au shina limefukiwa na gome limeoza. La kwanza linatibika, la pili mara chache.

Ndago imeingia. Usiivute kwa mkono. Chimbua kila kichaka na bonge la udongo kwa uma wa bustani, chekecha vitunguu vyote, visiende kwenye shimo la mboji. Rudia kila wiki mbili, kabla haijapata majani matano au sita ya kutengenezea vitunguu vipya. Uvumilivu unashinda dawa hapa, kwa sababu dawa haifikii vitunguu visivyo na jani.

Jirani analalamika mti wako unamwagia majani au mizizi imefika kwake. Mfuate mwongee kabla hajaenda kwa mjumbe. Mti ulio nje ya ukuta, kwenye hifadhi ya barabara, usiukate kabla ya kuuliza serikali ya mtaa, hata kama uliupanda wewe.

Fundi hapokei simu na kazi imesimama. Mpe siku mbili au tatu, huenda ana msiba au mgonjwa. Baada ya hapo mpigie mdhamini, kisha upeleke karatasi ya mapatano na kumbukumbu za malipo ofisi ya serikali ya mtaa, mkaelewane mbele ya mtu. Wakati huo nyasi zilizokwisha kupandwa ziendelee kunywa maji asubuhi na jioni; ugomvi wenu hauzihusu. Zilizobaki kwenye gunia mwite fundi wa pili uliyemfanyia mtihani, azipande leo hii.